Silaha za Mchezo: Zifanane, Lakini Zisidhuru

WAHENGA walisema mtoto akililia wembe mpe. Nimeusikia msemo huu tangu nikiwa mdogo, na siku zote nimekuwa na shaka kwamba aliyeutunga hakuwa na mtoto, au alikuwa na watoto wengi kupita kiasi.

Juma hili msemo huo umenirudia kwa sababu ya barua. Mama mmoja wa mtaa wa Buruburu, hapa Nairobi, ameniandikia hivi: "Bwana mtangazaji, nina mtoto wa kiume wa miaka 15. Anataka kwenda kwenye mkutano wa wale vijana wanaovaa kama watu wa katuni za Kijapani. Joho amekwisha kulishona mwenyewe, na kwa kweli amenishangaza. Sasa anasema vazi halijakamilika bila upanga na bunduki. Je, nimwache au nimkataze? Na kama nikimwacha, atumie kitu gani?"

Najua wapo wasikilizaji watakaosema kwamba hili si jambo la kupotezea muda wa redio wakati unga umepanda bei. Unga tutaurudia. Lakini barua ya mama huyu sikuweza kuiweka kando, na sababu yangu ni ya miaka mingi.

Mwaka 1997 nilikuwa kidato cha tatu, na shule yetu ilikuwa imetunga mchezo wa kuigiza kuhusu vita vya Mau Mau. Mimi nilikuwa mpiganaji wa msituni. Rafiki yangu alikuwa msaliti, na katika sehemu ya mwisho nilitakiwa kumwinulia panga naye aanguke. Majuma matatu tulifanya mazoezi kwa rula ya ubao. Siku ya kuigiza, mmoja wetu akasema rula itatutia aibu mbele ya waamuzi. Tukaenda kwa mzee aliyetunza bustani ya shule tukamwazima panga lake. Tulilisugua makali kwa jiwe hadi tukaridhika kwamba haliwezi kukata hata mkate.

Jukwaa la siku hiyo lilikuwa dogo kuliko lile tulilolizoea, na panga lilikuwa zito kuliko rula. Nilipoliinua na kulishusha, halikusimama pale ambapo rula ilikuwa ikisimama. Rafiki yangu alijikinga kwa mkono. Damu ilitoka, naye akaanguka kama alivyotakiwa kuanguka, na ukumbi mzima ukalipuka kwa makofi. Walidhani ni rangi. Sitausahau mlio wa makofi yale. Alishonwa nyuzi saba, na mpaka leo tukikutana harusini hukunja shati lake kuwaonyesha watoto wangu kovu, nami hucheka pamoja nao kwa sababu sina la kufanya.

Jambo lililonikaa moyoni si jeraha peke yake. Ni kwamba kutoka safu ya tano ya viti hakuna aliyeweza kujua kama nilishika chuma, ubao au kadibodi. Tulimhatarisha mwenzetu kwa ajili ya ukweli ambao hakuna mtu aliyeuona.

Sasa tumweleze na yule ambaye jambo lenyewe ni geni kwake. Kuvaa na kuigiza wahusika wa katuni, filamu na michezo ya kompyuta huitwa kosplei. Neno hilo Wajapani waliliunda kwa kuunganisha maneno mawili ya Kiingereza, vazi na mchezo, na lilianza kuchapishwa kwao mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mchezo wenyewe ni mkongwe kuliko jina. Mwaka 1939, wapenzi wa hadithi za kubuni za sayansi walipokutana New York, Forrest J Ackerman na Myrtle Douglas walifika wamevaa mavazi ya watu wa zama zijazo, na Bi Douglas ndiye aliyeyabuni. San Diego, huko California, wamekuwa na mkutano wao tangu mwaka 1970. Ule wa Tokyo uitwao Comiket ulianza Desemba 1975. Kwetu Nairobi, miaka ya 2010 ilituletea NAICCON na mingineyo midogo midogo. Kwa hiyo mtoto wa Buruburu hajapotoka. Amejiunga na umati mkubwa.

Katika umati huo silaha ni sehemu ya vazi. Samurai bila upanga ni mtu aliyevaa joho tu. Swali ni silaha ya namna gani, nami naligawa mara mbili. Kwanza, je, kitu hiki kinaweza kumuumiza aliye karibu? Pili, je, kinaweza kumtisha aliye mbali? Wazazi wengi hufikiria lile la kwanza. La pili ndilo linaloua zaidi, na nitalifikia.

Tuanze na chuma, maana vijana hukipenda. Panga za mapambo zinazotundikwa ukutani hupatikana kwa urahisi, na muuzaji atakuambia hazina makali. Ni kweli, lakini upanga halisi wa mikono miwili wa Ulaya una uzito wa kilo moja na nusu hivi, na kipande cha chuma cha uzito huo hakihitaji makali ili kuvunja mfupa. Tena panga nyingi za mapambo zina ulimi mwembamba ndani ya mpini, umechomelewa ovyo. Mtu akizungusha, bapa hutoka na kuruka lenyewe. Chuma kibaki ukutani.

Mbao je? Wapo wanaodhani ubao ni salama kwa kuwa ni ubao. Sisi wenye marungu tungepaswa kuwa wa mwisho kudhani hivyo. Mapokeo ya Kijapani yanasimulia kwamba mwaka 1612 Miyamoto Musashi alimuua mpinzani wake Sasaki Kojiro kwa upanga wa mti. Mbao nyepesi inafaa kwa kitu kinachobebwa tu wala hakichezeshwi, kama mkongojo wa mchawi, na hata hapo mikutano mingi itataka kuiona kwanza.

Kitu kilichobadilisha mambo ni sponji ngumu iitwayo EVA. Msikilizaji, hiyo unaijua kwa miguu kabla ya kuijua kwa jina: ndara nyingi zina soli ya namna hiyo. Ndiyo hiyo hiyo inayotengeneza ile mikeka ya rangi rangi yenye meno ya kuunganishia, ambayo watoto huchezea sebuleni. Mkeka wa unene wa sentimita moja unatosha kabisa kwa upanga.

Nilikwenda kumwona kijana mmoja hapa mjini ambaye hutengeneza vitu hivi kwa ajili yake na rafiki zake, nikakaa naye mchana mzima. Alinipa kigoda akaniambia, "Anko, kaa mbali na gundi." Alichora umbo la upanga mara mbili juu ya mkeka, akakata kwa wembe wa kukatia karatasi. Nikacheka peke yangu: mtoto kweli kapewa wembe. Katikati ya vipande viwili aliweka bomba jembamba la plastiki la maji ili upanga usilegee kama ulimi wa ng'ombe. Lakini bomba lile hakulifikisha kwenye ncha. Alilikata likaishia shubiri moja kabla, na mdomo wake akauziba kwa kipande cha sponji. Sababu ni kwamba ncha ndiyo inayoingia jichoni, na ncha lazima iwe kitu kinachojikunja. Nilimwambia anipe niijaribu. Niliisukuma kwenye kiganja changu ikalala, nilipoiachia ikasimama.

Gundi yake ni ile ile ya fundi viatu. Unapaka pande zote mbili, unangoja dakika kama kumi hadi isishike kidole, kisha unabandika mara moja tu, maana ikishika haibanduki. Harufu yake si ya mchezo. Kazi hiyo hufanyiwa nje au penye dirisha wazi, na anayesugua sponji kwa msasa avae kitambaa cha kuzuia vumbi puani, kwa sababu vumbi la plastiki haliyeyuki kifuani.

Makali aliyatoa kwa kukata kingo kwa mshazari. Baada ya hapo alileta kile kipulizia hewa moto ambacho mafundi hutumia kubandulia rangi, akakipitisha polepole juu ya sponji. Hapo nilishuhudia jambo zuri. Uso wa sponji, uliokuwa na vinyweleo kama ganda la chungwa, ulijifunga ukang'aa na kuwa laini. Asipofanya hivyo, rangi yote ingenyonywa. Juu yake akapaka gundi nyeupe ya maseremala iliyochanganywa na maji, mara tatu nne, kila mara akingoja ikauke.

Kisha ikaja rangi, na hapa ndipo penye siri ya kufanana. Mtu asiyejua angepaka rangi ya fedha upanga mzima, nao ungeonekana kama kijiko cha plastiki. Kijana wangu alipaka nyeusi kwanza. Rangi ya fedha aliitia kwenye brashi, akaifuta brashi kwenye gazeti hadi ikawa karibu kukauka, ndipo akaipitisha. Penye mwinuko fedha ilishika. Penye bonde weusi ulibaki. Kwenye kingo akaongeza mng'aro kidogo, kwa sababu upanga uliotumika hung'aa pale unaponolewa. Mwishoni akapaka rangi ya udongo iliyo nyepesi kama chai karibu na mpini, akaifuta kwa kitambaa, na ile iliyobaki kwenye pembe ikawa uchafu na kutu ya miaka mia. Mpini aliuviringisha kwa tyubu kuukuu ya baiskeli. Niliusimamisha upanga ule mwisho wa chumba nikarudi nyuma hatua tatu. Ilikuwa chuma! Nilipoushika, ulikuwa mwepesi kama mwavuli.

Wenye pesa nyingi kuliko huyu kijana hufanya vivyo hivyo. Katika filamu za The Lord of the Rings zilizopigwa New Zealand, warsha ya Weta ilitengeneza upanga mmoja kwa namna kadhaa: wa chuma kwa picha za karibu, wa alumini kwa mapigano, na wa mpira wa plastiki kwa waigizaji wa hatari na wale wa nyuma. Waliuliza kamera itakuwa wapi. Wewe nawe jiulize atakayekutazama atakuwa wapi. Ukumbini atakuwa hatua mbili tatu kutoka kwako, na wala hataweka pua yake juu ya upanga.

Na nusu ya kufanana iko mikononi, haiko kwenye kitu. Nenda Lamu uwaone wanaocheza kirumbizi: ni fimbo tu, lakini unavyoona bega linavyoinuka na fimbo inavyokatizwa njiani, unaweza kusahau kuwa ni ngoma. Kitu chepesi kikishikwa kama kizito kinakuwa kizito. Sisi wa redio tunalijua hili vizuri. Katika michezo ya redio nimeua watu wengi kwa stepla ya ofisini na komeo la mlango, na sijapata barua hata moja ya kulalamika kwamba bunduki haikufanana.

Siku hizi wapo pia wanaochapisha silaha kwa mashine ya plastiki, tabaka juu ya tabaka. Hupendeza, ila plastiki inayotumika sana, iitwayo PLA, huanza kulegea kwenye joto la nyuzi 60 hivi. Ukiiacha ndani ya gari lililofungwa juani Mombasa, utarudi ukute upanga umekuwa ndizi. Tena ikianguka huvunjika vipande vyenye ncha kali. Kwa bunduki ndogo sawa. Kwa upanga mrefu bado ninapendelea sponji.

Sasa tuje kwenye bunduki, na hapa nabadilisha sauti.

Jambo la kwanza: chochote kilichotengenezwa kiwandani ili kufyatua risasi hakifai kuwa sehemu ya vazi, hata kama hakina risasi, hata kama mwenyewe ana kibali, hata kama amekikagua mara kumi. Watu wa filamu wana wataalamu wa kazi hiyo, na bado wamezikana. Mwaka 1984 mwigizaji Jon-Erik Hexum, akiwa amechoka kungoja, alijiwekea bastola kwenye panja kwa mzaha akafyatua. Ndani mlikuwa na risasi zile zisizo na kichwa, ambazo hulipuka tu. Lakini mlipuko nao una msukumo, na kwa karibu vile ulivunja fuvu. Alifariki baada ya siku chache.

Tarehe 31 Machi 1993, huko Wilmington, North Carolina, Brandon Lee alikuwa akiigiza filamu ya The Crow. Hiyo nataka niieleze polepole, kwa sababu inaonyesha ajali inavyotambaa. Kwa ajili ya picha ya karibu, watu wa filamu walihitaji risasi zinazoonekana kamili lakini zisizolipuka. Walichukua risasi halisi, wakaondoa baruti, wakarudisha vichwa. Fataki, kile kidonge cha nyuma kinachowasha baruti, hakikuondolewa. Bastola ilipofyatuliwa wakati fulani, fataki ililipuka na nguvu yake ndogo ikasukuma kichwa cha risasi hadi ndani ya mtutu kikakwama humo. Hakuna aliyeona. Baadaye bastola hiyo hiyo ilitiwa risasi zisizo na kichwa, zenye baruti nyingi. Mwigizaji mwenziwe alipofyatua, ile baruti ilikitoa kichwa kilichokwama kama risasi ya kawaida. Brandon Lee alikuwa na miaka 28.

Na tarehe 21 Oktoba 2021, huko New Mexico, mpiga picha Halyna Hutchins aliuawa katika matayarisho ya filamu ya Rust kwa bastola ambayo ilisemekana ni salama. Ndani mlikuwa na risasi ya kweli. Msimamizi wa silaha alihukumiwa kifungo cha miezi 18 mwaka 2024. Kama hayo huwapata wenye kulipwa kwa kazi hiyo, kijana wa Buruburu asijaribu.

Jambo la pili ni lile nililoahidi, la kumtisha aliye mbali. Bunduki ya plastiki haiwezi kumuumiza mtu hata kidogo, na bado inaweza kusababisha kifo. Cleveland, Marekani, tarehe 22 Novemba 2014, mtoto wa miaka 12 alikuwa akichezea uwanjani bastola ya kufyatua punje za plastiki. Mtu alipiga simu polisi. Gari la polisi lilifika, na katika muda wa sekunde chache tu mtoto alikuwa amepigwa risasi. Bastola ile ilikuwa imeondolewa alama yake ya rangi ya chungwa. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo, katika jimbo la Utah, kijana wa miaka 22 aliyebeba upanga wa Kijapani wa mapambo alipigwa risasi akafa. Polisi walisema aliwashambulia. Jamaa zake walikataa, wakasema alikuwa amevaa kama mhusika wa katuni. Sisemi nani alikuwa na haki. Nasema wote wawili hawakuwa jukwaani, walikuwa mahali pa kila mtu, ambapo hakuna mtazamaji aliyekata tikiti.

Ile alama ya chungwa ina sheria nyuma yake. Tangu sheria ya mwaka 1988, Marekani inataka bunduki za mchezo zinazofanana na za kweli ziwe na kizibo cha rangi ya chungwa kali mdomoni mwa mtutu. Uingereza ilikwenda mbali zaidi kwa sheria ya mwaka 2006: bunduki bandia ya kuuzwa kwa umma, kama inafanana na halisi, lazima iwe na rangi za kuonekana, kama nyekundu, manjano, waridi au zambarau, au iwe ya kupenyeza mwanga. Nao Wajapani tangu mwaka 1971 wanadai bastola za mfano za chuma ziwe nyeupe au za manjano na mtutu wake uzibwe. Watoto wetu walioko London au Birmingham wajue kwamba huko kutembea hadharani na bunduki bandia bila sababu ya maana ni kosa.

Hapa kwetu hali ni ngumu zaidi, nami sitazunguka. Si mara moja wala mbili tumesoma habari za majambazi walionyang'anya watu kwa bastola ya mchezo. Sheria ya Silaha ya Kenya inazijua silaha bandia, na anayeitumia kwa nia ya uhalifu hana nafuu kwa kusema haifyatuki. Kwa hiyo raia wa Nairobi anayeona mtutu ndani ya matatu hataanza kuuliza kama umetoka kwenye katuni gani. Atapiga kelele za mwizi, na kelele hizo tunajua huishia wapi. Askari naye hana muda wa kubisha mtutu ili asikie kama ni plastiki.

Basi mshauri wangu yule kijana fundi ana kanuni ambayo nimeikubali: hatengenezi bunduki yoyote iliyopo duniani. Si AK, si G3, si bastola ya polisi. Anayetaka bunduki atatengenezewa ya kutoka sayari nyingine, nene kupita kiasi, yenye mapezi, taa, na rangi ya zambarau au kijani, na kizibo cha chungwa mbele. Na usidhani kwamba kitu cha kubuni hakishawishi. Upanga wa mwanga katika filamu ya Star Wars ya mwaka 1977, ambao dunia nzima inautambua, mpini wake ulikuwa mpini wa taa ya kamera ya zamani aina ya Graflex, uliopatikana katika duka la vifaa vya picha London. Fundi aliangalia umbo, akaongeza vitu viwili vitatu, basi. Tochi mbovu, chupa ya maji na kifuniko cha dawa ya meno vinaweza kufika mbali.

Mlangoni mwa ukumbi kuna ukaguzi, na heri uwepo. San Diego wana meza maalumu ambapo kila silaha ya vazi hukaguliwa. Kitu kinachoweza kurusha chochote lazima kiwe kimezimwa kisifanye kazi. Mishale ya kweli hutolewa vichwa na kufungwa pamoja ndani ya podo. Upanga hufungwa kwenye vazi kwa namna ambayo hauwezi kuchomolewa kwenye ala. Mahali pengi hutumia zile kamba za plastiki za kubania nyaya za umeme, za rangi kali, ili mlinzi aone kutoka mbali kwamba kitu kimepita. Vijana hunung'unika kwamba kamba inaharibu picha. Wakumbuke Phoenix, Arizona: Mei 2017 mtu aliingia mkutanoni akiwa na bunduki halisi zilizojaa risasi, na kwa kuwa kila mtu humo alikuwa amebeba silaha ya namna fulani, mavazi yalikuwa maficho yake. Alikamatwa bila mtu kuuawa, kwa sababu kuna aliyewaarifu polisi. Waandaaji wakapiga marufuku karibu silaha zote za mavazi kwa siku zilizobaki. Kabla ya kukata hata kipande cha sponji, mtoto aombe kanuni za mkutano anaokwenda, kwa sababu hazifanani, na vipimo vya urefu hasa hutofautiana. Mkuki mrefu utengenezwe vipande viwili vya kuunganishwa; pia utaingia kwenye matatu.

Na kuhusu matatu, hili ndilo nililomsisitizia mama yule kwenye simu kuliko yote. Silaha isafiri ndani ya begi lililofungwa, mfuko wa gitaa kwa mfano, wala isionekane hata mpini. Vazi livaliwe ukumbini, livuliwe ukumbini. Kijana mwenye joho na kofia inayofunika uso asishuke River Road jioni na upanga mgongoni akidhani watu watapiga makofi. Akisimamishwa na askari, asiuchomoe ili kuonyesha kwamba ni sponji; aweke begi chini, aseme kilichomo, na amwachie askari alifungue mwenyewe. Mkubwa mmoja akimsindikiza, ni bora zaidi.

Mama alinisikiliza, kisha akaniuliza swali moja tu: "Na bunduki ya zambarau, itamtosha?" Nikamwambia amuulize mwenye vazi.

Alhamisi alinipigia tena. Mazungumzo yalichukua siku mbili, na mlango ulibamizwa mara moja. Upanga umekwisha, umetokana na mkeka wa mdogo wake wa miaka sita, ambaye hakuombwa ruhusa na amedai fidia ya biskuti. Mdogo huyo ameukanyaga mara mbili, ukalala na kurudi kama ulivyokuwa. Bunduki imetoka kwenye chupa ya sabuni ya maji na tochi isiyowaka, nayo ni ya zambarau na kijani. Mwenyewe anasema ni mbaya sana. Rafiki zake wawili wameagiza ya namna hiyo hiyo.